Nani Hana Mgongo Leo?

Mimi nina mafua yasiyoisha. Nilizaliwa nayo na nitazikwa nayo. Nikisema maneno kumi lazima nivute pua mara moja, na mume wangu aliacha zamani kuninunulia leso kwa sababu nazipoteza zote. Naanza na pua kwa kuwa ndiyo iliyonifichua, miaka mingi baadaye, nilipodhani hakuna tena anayejua nilichofanya.

Shule yetu ilikuwa ukumbi tu, ukumbi wa mabati nyuma ya nyumba za kanjo, za baraza la jiji, pale Mbotela, Nairobi. Jumapili watu waliimba humo, siku nyingine tulisoma humo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwalimu alikuwa mmoja, mama mrefu, mkavu, aliyevaa soksi za sufu hata Januari. Madarasa yalikuwa matatu na mbao za kuandikia zilikuwa mbili, mmoja ukuta wa mbele, mwingine ukuta wa nyuma. Sasa hebu panga wewe. Mwalimu alipanga hivi: darasa la kwanza walitazama ubao wa mbele, sisi wa la tatu tukatazama ubao wa nyuma, na wale wa la pili, maskini wa Mungu, wakakaa ubavuni wakitazama dirisha lililozibwa kwa kadibodi, wakingoja zamu yao.

Mabenchi yale ya ibada hayakuwa na egemeo. Kwa hiyo kila benchi la wadogo lilisukumwa likagusana na benchi la wakubwa, tukakaa tumepeana migongo, mtoto wa la kwanza akimwegemea mtoto wa la tatu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetuoanisha Januari. "Huyu ndiye mgongo wako mpaka mwaka uishe. Akisinzia, mwamshe. Akikojoa, niite." Na asubuhi hakusoma majina. Alisimama katikati ya ukumbi akauliza swali moja: "Nani hana mgongo leo?" Yule ambaye nyuma yake palikuwa patupu aliinua mkono, na Mwalimu akajua ni nani hakuja.

Nikiwasimulia watu wangu swali hilo wananiambia, wewe, hilo si swali la kuulizwa watoto. Sisi tulilizoea. Lakini ile baridi naikumbuka, siku mwenzako hayupo. Upepo unakupiga shati kwa nyuma, na unatamani sana kugeuka uone kama pale pako patupu kweli. Kugeuka kulikatazwa. Aliyegeuka alichapwa vidole kwa rula.

Na kelele zake! Wadogo wakiimba irabu upande ule, sisi tukiimba hesabu za kuzidisha upande huu, wa la pili wakinong'ona mambo yao, vyote ndani ya bati moja. Halafu kuna wakati, bila mtu kutoa amri, pande zote zilinyamaza mara moja. Mwalimu naye alisimama, chaki mkononi. Tulisikia mabati yakilia kwa jua. Watoto wa la pili walisema ukitega sikio wakati huo utasikia kuna mmoja zaidi, ambaye haishi mtaani kwetu, na ambaye bado anaendelea kusoma. Nilikuwa na miaka kumi na niliamini kila neno.

Mgongo wangu mwaka ule alikuwa msichana wa miaka sita, binti wa mchonga vinyago aliyehamia nyumba ya mwisho ya mstari wetu. Walikuwa watu wa Ukambani, waumini hasa, mama yake mwanakwaya. Alikuwa mtoto mwembamba, uti wa mgongo wake ningeweza kuuhesabu pingili kwa pingili. Siku ya tatu akaninong'oneza bila kugeuka, "Dada, leo umevaa viatu vya mtu mwingine."

Mama yangu! Ni kweli nilikuwa nimevaa vya mama, vimejazwa magazeti kwenye vidole, kwa sababu vyangu vilikuwa vimeachama. Lakini niliingia baada yake na kuketi nyuma yake. Alivionea wapi?

Siku nyingine Mwalimu alikuwa akituandikia ubaoni kwetu, uso ukutani, sisi wote kimya. Nyuma yangu, upande wa pili kabisa, ile sauti ndogo ikasema wazi, "Mwalimu analia." Tukacheka. Mwalimu akageuka, na machozi yalikuwa yamemfika kidevuni. Baadaye tulisikia kwamba alfajiri ile alipata habari ya kifo cha mama yake na hakumwambia mtu. Alilizunguka lile benchi polepole akasimama mbele ya mtoto.

"Nani amekuambia?"

"Chaki," mtoto akasema. "Leo chaki inatetemeka."

Kuanzia hapo Mwalimu alimpitia mbali. Wenzangu nao wakaanza: yule ana kitu, usimruhusu aguse chakula chako, baba yake anachonga mashetani. Mimi niliyeegemeana naye kutwa nzima waliniuliza kama mgongo wake ni wa moto. Niliwaambia waende huko. Lakini usiku nililala chali, nimeubana mgongo wangu kwenye godoro.

Mama yake aliniomba niwe nampitia asubuhi. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kama chetu, ila ukutani vilipangwa vinyago ambavyo havijaisha, wanawake wenye mitungi, wazee wenye fimbo, na hakuna hata kimoja chenye macho. Pale pa macho palikuwa laini tu. Baba yake aliniona nikishangaa akacheka. "Macho ni ya mwisho, mama. Ukiyaweka mapema kinakutazama ukikikata." Sijui kama ulikuwa utani. Mtoto aliketi chini katikati yao akisugua kimoja kwa msasa, uso wake umeelekea mlangoni, na nilikuwa sijapiga hodi.

"Karibu, dada. Nimesikia pua yako tangu bombani."

Nilicheka, kisha nikamtazama vizuri. Macho yake yalikuwa yananikosa kidogo. Yalitua kwenye bega langu, yakakaa hapo. Tukiwa njiani, nilisimama mbele yake nikanyoosha vidole vitatu.

"Hivi ni vingapi?"

Akatabasamu. "Vitano."

"Na sasa?"

"Viwili."

Nikashusha mkono kabisa, nikauficha nyuma. Akangoja kidogo, kisha kwa adabu zote akajibu, "Vinne."

Nilishikwa na baridi jua likiwaka. Kumbe mtoto haoni! Anaona mwanga, anaona kitu kikubwa kikipita, basi. Nyumbani walidhani ni mzembe, anamwaga uji, anajigonga. Pale shuleni yote aliyoyajua aliyajua kwa masikio, yetu ya la tatu sawasawa na yao ya la kwanza, kwa sababu hakuwa na ubao wa kumshughulisha. Nilitaka kukimbia kumwambia mama yake. Alinishika sketi.

"Usimwambie mtu, dada. Kule kwetu kuna shangazi yangu haoni. Anakaa nyuma ya nyumba. Asubuhi wanamtoa, jioni wanamrudisha, hakuna anayezungumza naye. Mimi wakijua nitaondolewa shule. Mimi sitaki kukaa nyuma ya nyumba."

Nilinyamaza. Ningependa kusema ni kwa huruma, na huruma ilikuwapo. Lakini nami nilikuwa na shida yangu. Mwaka ule nilikuwa narudia darasa la tatu kwa sababu ya hesabu, na baba yangu, dereva wa lori, mtu wa maneno machache, alikuwa amesema akiwa mezani: nikishindwa tena, basi, nitakaa nyumbani nimlee mdogo wangu. Alipoulizwa na mama kama anatania, aliomba chumvi.

Basi tukapatana, mimi macho na yeye kichwa. Wakati wa kunakili alinipenyezea daftari lake chini ya kwapa, nami nikamwandikia, huku nikijitahidi kuandika vibaya. Wakati wa hesabu za kichwa Mwalimu aliponielekezea rula, "Saba mara nane!", kiwiko kidogo kilinigonga mgongoni. Mara tano kwa nguvu, mara sita polepole. "Hamsini na sita, Mwalimu!" Alikuwa amezishika zote kwa kutusikia tukiimba. Mtoto wa miaka sita! Nilianza kusifiwa. Baba alisikia sifa zile akaninunulia viatu.

Sisi wa la tatu tulikuwa na kitabu cha kusoma, na kila mmoja alipewa ukurasa wake wa kuujua kabla ya siku ya kufunga shule. Tulisoma kwa sauti ya chini, wote pamoja, Mwalimu akiwa upande wa pili na wadogo. Wangu ulikuwa mbaya. Bibi mmoja ana mbuzi mweupe. Jioni bibi anaita, hakuna anayeitika. Anaita tena, hakuna anayeitika. Anafungua, na mbuzi amesimama mlangoni, peke yake, anamtazama. Ukurasa unaishia hapo. Sijui nani aliona unawafaa watoto. Na kila siku, kwa wiki nne, ulimi wangu ulijikwaa pale pale. "Amesimama mla... mla... mlangoni." Halafu navuta pua. Narudia toka juu. "Mla... mla... mlangoni." Navuta pua. Nyuma yangu yule mtoto alikuwa anapumua kwa kunifuata, akisimama niliposimama.

Siku ya kufunga ikafika, Agosti, mawingu yamelala juu ya mabati. Wazazi walijaza mabenchi, sisi tukasimama kando ya kuta. Mwalimu aliwaita wadogo watatu, wakasoma, wakapigiwa makofi. Alikuwa anafunga kitabu, na hapo mama wa mtoto akanyanyuka, mwenye furaha zake, kitambaa cheupe kichwani.

"Na wangu je, Mwalimu? Mbona hasomi?"

Mwalimu alisita. Niliona. Halafu akafungua kitabu cha wadogo katikati, mahali ambapo hawakuwa wamefika bado, akampa. Nadhani alitaka ashindwe, yaishe. Mtoto akakipokea kwa mikono miwili. Alikipokea kimepinduka, kichwa chini miguu juu, akakiinua mbele ya uso wake.

Hakujua amepewa ukurasa gani, na hakuwa na wa kumwuliza. Kisha akasoma ule alioujua kuliko yote.

"Bibi alikuwa na mbuzi mweupe," alisema, kwa sauti yangu.

Si kwamba ilifanana. Ilikuwa yangu, ile nzito ya puani, ikitoka kwenye kile kifua cha kuku. Nywele zilinisimama. Bibi akaita, hakuna aliyeitika. Akaita tena. Ukumbi ulikuwa kimya, ule unyamavu wetu wa zamani, na yeye tu ndani yake akiendelea kusoma. "Akafungua, na mbuzi amesimama mla... mla... mlangoni." Akavuta pua. Yeye ambaye hakuwahi kupata mafua hata siku moja.

"Kitabu kimepinduka!" mwanamke mmoja akasema.

"Anasoma kilichopinduka! Jamani!"

Mwalimu alikinyakua akakitazama. Ukurasa ulikuwa na picha ya kuku na maneno matatu. "Maneno hayo hayamo humu," alisema, na rula ikamwanguka. Mama mmoja akapiga magoti akaanza kukemea. Mwingine akasema hiyo si sauti ya mtoto, kuna mtu humo ndani anayesema, na huyo mtu hana pumzi nzuri. Mama yake mtoto alibaki amesimama, kile kitambaa cheupe amekishika kwa mkono.

Lakini Mwalimu hakuwa mjinga. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata ukutani.

"Wewe ndiye mgongo wake. Umemfundisha wewe?"

"Hapana, Mwalimu."

Na ni kweli sikumfundisha, nilikuwa najisomea tu. Nilijiambia hivyo pale pale, jinsi nilivyo mwerevu.

"Njoo. Usome ukurasa wako."

Alinipa kitabu cha la tatu. Nikaelewa anachotafuta. Nikijikwaa pale mlangoni, nikivuta pua, ukumbi mzima utajua sauti ile ni ya nani. Watajua mtoto ameshika ukurasa kwa masikio, kwamba haoni, na hakuna pepo wala nini. Kisha watauliza zile hesabu zangu zilitoka wapi. Baba yangu alikuwa amekaa benchi la pili, kofia magotini, amevaa shati lake la Jumapili.

Nilisoma. Nilisoma polepole, kwa sauti nyembamba isiyo yangu, nimebana pumzi mpaka kifua kiliuma. Kamasi lilinishuka mpaka mdomoni nikaliacha. Nilipofika pale nilisema, "mlangoni." Safi kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu alichukua kitabu akarudi nyuma hatua mbili, mbali na mtoto. Sasa ile sauti haikuwa ya mtu yeyote.

Mtoto alikuwa amegeuza uso upande wangu, mdomo wazi kidogo, akinitafuta kwa masikio na kunikosa. "Dada?" akauliza. "Dada, uko wapi?" Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sikuitika.

Walimwombea Jumamosi tatu mfululizo katika ukumbi ule ule. Nilisikia kupitia mabati, wanaume na wanawake wakikemea kwa zamu, na katikati yao, wakipumzika, hakuna kilio wala neno. Kabla shule haijafunguliwa mama yake alimpeleka Ukambani akamwacha kwa bibi yake. Mwezi uliofuata baba yake naye akahama. Nilichungulia chumba kile kikiwa tupu. Walikuwa wamesahau kinyago kimoja, kimegeuzwa ukutani.

Muhula wa tatu Mwalimu aliuliza kama kawaida, "Nani hana mgongo leo?" Niliinua mkono. Nikauinua kesho yake, na kesho kutwa, mpaka Novemba, maana hakuna mtoto aliyekubali kuketi pale, na Mwalimu hakumlazimisha yeyote. Siku moja rula ikanielekea. "Saba mara nane!" Sikuwa na kichwa tena. Nilifumba macho, na nikahisi kiwiko mgongoni, mara tano kwa nguvu, mara sita polepole. Niligeuka upesi. Palikuwa na benchi tu. Nilichapwa vidole kwa kugeuka na nikasifiwa kwa jibu. Leo naweza kukueleza kwamba nilikuwa nimezikariri bila kujua, mwili hukumbuka. Siku ile hakuna mtu angenieleza nikaelewa. Na nilifaulu. Niliingia darasa la nne, shule kubwa, na sikurudia darasa tena.

Sikumwambia mtu. Si mama, si mume. Niliogopa giza mpaka nikiwa na watoto wangu, na nilipoulizwa nilisema ni vile tu nilivyo.

Miaka kumi na sita hivi ikapita. Nilikuwa naishi Umoja, nafanya kazi ya ukarani, na mtoto wetu wa pili alikuwa abatizwe. Jumamosi tukaenda sokoni Kiamaiko kununua mbuzi. Mume wangu akianza kujadiliana bei hapo huwa hatoki, na mimi vumbi la mbuzi linanimaliza. Mwuzaji mmoja akaniambia, kama unataka kiondo kizuri huku ukisubiri, pita kwa mlango huo, nyuma ya nyumba, kuna msusi wa vikapu.

Nikapita. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, nikamsukuma kwa goti. Nyuma palikuwa na kiwanja kidogo cha saruji chenye kivuli, na mwanamke kijana ameketi mkekani akisuka, uso ameuinua, vidole vikienda vyenyewe. Kando yake msichana wa miaka mitano hivi. Sikumtambua. Nilitaka kusema hodi, lakini kwanza nikavuta pua.

Vidole vikasimama.

Nyuma yangu yule mbuzi alilia. Kisha mwanamke akamwambia mtoto, taratibu, "Msomee mgeni."

Mtoto akaokota kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, akakiinua mbele ya uso. Akakiinua kimepinduka. "Bibi alikuwa na mbuzi mweupe," akasoma, na ngozi ilinisisimka toka kisogoni mpaka kiunoni, kwa sababu niliijua sauti. Nilikuwa nayo nikiwa na miaka kumi. Bibi akaita, hakuna aliyeitika. Nilitaka kumziba mdomo. "Mbuzi amesimama mla... mla... mlangoni." Kile kipua kidogo, kikavu, kikavuta.

"Ndio ukurasa wangu pekee, dada," mama yake akasema. "Sikupewa mwingine. Nimeutunza vile ulivyonipa."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia nikaketi kwenye saruji na gauni langu la Jumamosi. Nilimwambia nilisoma vile makusudi, nilimwambia habari ya baba na darasa la nne, yote, ovyo ovyo. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Nilijua," alisema. "Baadaye. Siku ile sikujua, nilifikiri umetoka nje. Ulisoma vizuri sana."

Akasuka mistari miwili, mitatu. Akaniambia daktari wa macho alimwona akiwa na miaka kumi na minne, na alisema wangewahi akiwa mdogo, wangeokoa kiasi. Wakati ule wa udogo wake walikuwa wakimwombea. Aliyasema hayo bila hasira, na ningeona afadhali anitukane.

"Sasa naomba kitu," akasema. "Huyu wangu. Anagonga milango. Anamwaga maji. Nikiuliza watu wa hapa wananiambia ni mzima, macho mazuri kabisa, usijisumbue. Sijui kama wananihurumia. Yeye mwenyewe siwezi kumwuliza, kwa sababu najua mtoto anavyojibu. Nitazamie."

Nilikitazama kile kipande cha gazeti, bado kimepinduka mkononi mwake. Nikapiga magoti mbele ya mtoto. Alinitabasamia, na macho yake yakatua kwenye bega langu. Alikuwa anajua kuhesabu, dakika chache kabla alikuwa ametuhesabia kwa kukariri mbuzi wa mjomba wake, yule mwuzaji, mpaka thelathini. Nikanyoosha vidole vitatu.

"Hivi ni vingapi, mama?"

Akafikiri kwa adabu zote. "Vitano."

Vidole vya mama yake vilikuwa vimesimama tena. "Dada," akasema. "Amepata?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Angefurahi, ningelipa kiondo, ningeondoka.

"Hapana," nikasema. "Hajapata. Haoni vizuri. Jumatatu asubuhi nakuja kuwachukua, twende kwa daktari wa macho."

Akaweka kiondo chini, akapapasa mpaka akapata mkono wangu, akaushika pale pale kwenye vile vidole vitatu, akavihesabu kimoja kimoja.